Maradhi Yanayofichwa

Kuna maradhi ambayo mtu akiyapata huyatangaza, na kuna maradhi ambayo mtu akiyapata huyafunika. Aliyevunjika mguu huonyesha bandeji yake kwa kila apitaye, na aliyeshikwa na homa huomba blanketi bila ya haya. Lakini aliyeshikwa na maradhi ya utumbo, hasa yale yanayomtoa damu katika haja kubwa, hunyamaza. Humficha mama yake, humficha mwalimu wake, na lau angeweza angejificha hata nafsi yake. Nia yangu katika kurasa hizi, msomaji, ni kuteta na ukimya huo. Sidai kwamba ni ukimya wa watu wabaya. Nadai kwamba ni ukimya unaoua, na ya kuwa vijana wa umri wako wako karibu sana na hatari yake.

Maradhi nitakayoyasema huitwa na matabibu kolaitisi ya vidonda. Utumbo mpana, ambao umekwisha soma habari zake katika elimu ya viumbe, huwa mwekundu na kuvimba katika ngozi yake ya ndani, kisha hutoka vidonda vidogo vidogo vinavyovuja damu na ute. Ugonjwa huanzia mwisho wa utumbo, karibu na njia ya haja, na kutoka hapo huweza kupanda bila ya kuruka mahali, pengine mpaka ukaenea utumbo mpana wote. Si minyoo, si amiba, wala si sumu, na hauambukizi. Ni kwamba askari wa mwili, wale waliowekwa kutulinda na vijidudu, hugeuka wakaishambulia nyumba waliyopewa kuilinda. Urithi wa ukoo una sehemu yake katika jambo hilo, na mazingira yana sehemu yake. Mgonjwa huweza kukaa miezi au miaka katika salama, kisha ukamrudia. Aghalabu huanza kati ya miaka kumi na mitano na thelathini ya umri, yaani katika miaka ya madawati, mitihani na kazi ya kwanza.

Wazee wetu walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kitanda hiki mimi nimekilalia. Kilianza kuniuma mwaka 1988, nikiwa kidato cha tatu katika shule ya bweni. Haja iliyonijia haikuwa ile inayompa mtu nafasi ya kumaliza maneno yake. Ilikuwa amri, na kati ya amri hiyo na fedheha hapakuwa na dakika mbili. Nikiisha kwenda hutoka damu na ute kidogo tu, nami nikisimama huona kama sikwenda. Ilikuwa mara kumi mchana, na mara tatu au nne usiku, gizani, katika vyoo vilivyokuwa mbali na bweni, visivyo na maji wala kitasa. Nilijifunza kuketi karibu na mlango. Nilijifunza kutokula kitu asubuhi ya mtihani. Katika kila njia niliyopita mjini nilijua choo kilipo, na nilijua mwenye duka yupi angeniruhusu na yupi angenifukuza. Na juu ya yote hayo kulikuwa na uchovu ambao usingizi hauondoi, maana mtu anayepoteza damu kila siku hushindana na wenzake akiwa amefungwa jiwe mguuni.

Siku moja, katika kipindi cha hesabu, niliinua mkono mara ya tatu. Mwalimu wetu, mtu niliyempenda na ninayempenda hata leo, aliniuliza mbele ya darasa zima, "Una nini huko nje?" Darasa likacheka. Nikaketi. Yaliyofuata sitayaandika, utayakisia mwenyewe.

Katika zahanati niliambiwa ni amiba, nikapewa vidonge. Vilipokwisha nikaambiwa ni amiba tena. Nilipewa dawa ile ile mara tano. Simlaumu aliyenipa mara ya kwanza. Katika nchi yetu kuhara damu mara nyingi huletwa na vijidudu, na ni wajibu kuvitafuta kwanza, kwa sababu baadhi ya dawa za kolaitisi zikimfikia mwenye amiba zaweza kumwua. Ninacholaumu ni mara ya pili, na ya tatu, na ya nne, na ya tano. Nilikonda. Miaka ile ilikuwa miaka ya hofu kuu ya UKIMWI, na kijana aliyekonda na kuhara alikuwa amekwisha hukumiwa pasipo kupimwa. Marafiki zangu wawili walihamisha vitanda vyao. Hata mwaka 1993, jijini Nairobi, tabibu mmoja alipitisha ndani ya utumbo wangu mpira mrefu mwembamba wenye taa na kamera, akachukua vipande vidogo vya nyama vikapimwe, kisha akanitajia jina la maradhi yangu. Miaka mitano ilikuwa imepita. Nilitokwa na machozi kwa furaha ya kusikia jina, jambo ambalo asiyepata kuugua ugonjwa usio na jina hawezi kulifahamu.

Sasa nataka uwasikie wale wanaosema kwamba habari hii haifai kuzungumzwa, kwani wako wa namna nyingi.

Wa kwanza ni wale wasemao kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu. Maneno haya yana asili yake. Samuel Wilks aliueleza ugonjwa huu mjini London mwaka 1859, na kwa miaka mingi baada ya hapo vitabu vya udaktari viliandika kwamba ni nadra sana katika Afrika. Lakini fikiri jinsi kitu kinavyokuwa nadra. Ukiwa na chombo kimoja cha kutazama ndani ya utumbo kwa mkoa mzima, nacho kiko mjini, na kila anayehara damu kijijini anaandikiwa amiba mara tano, utaona wagonjwa wangapi wa kolaitisi? Utawaona wachache, kisha utaandika kitabuni kwamba ni wachache, na tabibu atakayesoma kitabu chako hatautafuta. Mimi nilikuwa mmoja wa hao ambao hawakuhesabiwa.

Wa pili ni hatari zaidi, kwa kuwa huvaa joho la hekima. Hawa husema kwamba ugonjwa umetoka katika fikira, ya kuwa mgonjwa ana wasiwasi, au moyo mwembamba, au amelelewa vibaya. Usidhani kwamba ni wajinga wa vijijini tu wasemao hivyo. Mwaka 1950 tabibu mashuhuri, Franz Alexander wa Chicago, alichapisha kitabu ambamo aliiweka kolaitisi hii katika kundi la maradhi yenye shina katika hisia za mtu. Kwa miaka mingi wagonjwa wa Marekani na Ulaya waliulizwa habari za mama zao kabla ya kuulizwa habari za damu yao. Je, wanatofautianaje na jirani yangu aliyesema kwamba nimerogwa na shangazi? Wote wawili walitafuta mtu wa kumbebesha lawama. Mmoja alimpata mama na mwingine akampata shangazi. Siku hizi wataalamu wameiacha nadharia ile. Wasiwasi huweza kumwongezea mgonjwa taabu, naye mgonjwa anayo sababu ya kuwa na wasiwasi, lakini hauumbi vidonda.

Wa tatu ni wauzaji wa dawa ya siku arobaini. Mjomba wangu aliuza ndama ili nipelekwe kwa mmoja wao, na ni kweli kwamba nilipata nafuu. Nilisimulia sifa za mganga yule kwa miezi minne, mpaka damu iliporudi. Nilikuwa sijajua kwamba ni tabia ya ugonjwa huu kupoa wenyewe kwa muda kisha kuwaka tena. Mtu yeyote anayemuuzia mgonjwa wake maji ya mto wakati ahueni inapokuja atavuna sifa isiyo yake. Sidharau miti. Mojawapo ya dawa nitakazozitaja ina ukoo na ile iliyojulikana zamani katika magome ya mti. Lakini mti nao ukubali kupimwa kama vinavyopimwa vidonge.

Kupimwa huko ndiko kulikoleta matumaini yote tuliyo nayo, na yafaa uone jinsi yalivyokuja polepole. Katika miaka ya thelathini ya karne iliyopita, Nanna Svartz, tabibu mwanamke wa Stockholm, alikuwa akitafuta dawa ya baridi yabisi. Aliunganisha dawa mbili katika kidonge kimoja, na ikaonekana kwamba kidonge hicho kinawafaa wenye kolaitisi. Alichapisha habari zake mwaka 1942. Hiyo ndiyo sulfasalazini, nami nimeimeza kwa miaka mingi. Mwaka 1955 Sidney Truelove na Leslie Witts wa Oxford walitoa matokeo ya kuwapima wagonjwa 210. Baadhi yao walipewa kotisoni, na wengine walipewa vidonge vinavyofanana nayo visivyo na dawa ndani. Katika kila mia waliopewa kotisoni, watu 41 walipata nafuu kamili. Katika kila mia waliokosa, watu 16. Kabla ya kotisoni, shambulio kali la ugonjwa huu lilikuwa likiwaua wengi. (Dawa hizi za jamii ya kotisoni zina ubaya wake. Zilinivimbisha uso ukawa mviringo kama mwezi, na majirani wakampongeza mama yangu kwa kuwa nimenenepa.)

Kisha mwaka 1977, pale pale Oxford, kijana tabibu kutoka Bangladesh aitwaye A. K. Azad Khan alikitenganisha kidonge cha Svartz akaijaribu kila sehemu peke yake. Akaonyesha ya kuwa sehemu moja ndiyo itibuyo, na nyingine ndiyo iletayo sehemu kubwa ya madhara. Kutokana na kazi hiyo zilitengenezwa dawa nyepesi zinazotumika ulimwenguni kote leo. Nakuomba utulie kidogo juu ya jina hilo. Bangladesh ilipata uhuru wake mwaka 1971, nchi maskini iliyotoka vitani, na miaka sita baadaye mwana wake akawafundisha matabibu wa ulimwengu dawa yao ilikuwa ikifanya nini.

Zilizofuata nitazipitia upesi. Wapasuaji wa London, Alan Parks na John Nicholls, walieleza mwaka 1978 namna ya kuutoa utumbo mpana wote na kuunda mfuko mpya kwa utumbo mwembamba, ili mtu aende haja kwa njia yake ya asili. Mwaka 2005 Marekani iliruhusu infliksimabu kwa ugonjwa huu, dawa inayotiwa katika mshipa, ambayo kwa kawaida hurudiwa kila baada ya wiki nane, nayo huizuia moja ya tarishi zinazowachochea askari wa mwili. Mwaka 2018 viliruhusiwa vidonge vya tofasitinibu, na nyingine zimefuata karibu kila mwaka. Hata hivyo hakuna hata moja kati ya dawa hizi inayoung'oa ugonjwa. Wengi wanaojaribiwa nazo hawapati nafuu kamili, na tabibu hana njia ya hakika ya kujua mapema ni ipi itakayomfaa nani. Hujaribu hii, akasubiri, akajaribu ile, na kila kusubiri ni damu ya mtu. Tumaini la wagonjwa wa leo ni kwamba siku moja dawa itachaguliwa kwa kipimo badala ya kubahatisha.

Wa nne kati ya wapinzani wangu husimama hapa, na huyu namheshimu. Husema: nchi yenye malaria, na kifua kikuu, na akina mama wanaokufa wakijifungua, ina haki gani ya kuhangaika na maradhi ya wachache na dawa za bei kubwa? Namjibu kwamba sijaomba dawa ya bei kubwa kwanza. Sulfasalazini ni kongwe, na imo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani. Kumwuliza mgonjwa anayerudi mara ya tatu na damu ile ile, na kumpeleka mbele kwa anayeweza kutazama, ni kazi ya akili kabla haijawa kazi ya fedha. Na mgonjwa anayeachwa hagharimu kidogo. Huacha shule, huacha kazi, na baada ya miaka minane au zaidi hatari ya saratani ya utumbo huanza kumkaribia, naye hana anayemchungulia. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023 imeunda katika Kenya mfuko kwa ajili ya dharura, maradhi ya kudumu na maradhi mahututi. Lakini mfuko hauwezi kumlipia mtu asiyehesabiwa, na hatahesabiwa anayejificha.

Tazama nchi iliyowahesabu wake. Japani iliuweka ugonjwa huu katika orodha ya maradhi magumu ambayo serikali husaidia gharama zake; mgonjwa anayeomba msaada huandikwa, na ndiyo maana Wajapani wanajua kwamba wagonjwa wao wamepita laki moja. Hata hivyo aibu ilikuwako huko pia, tena katika kiti cha juu. Shinzo Abe, aliyeshikwa na kolaitisi hii angali kijana, alijiuzulu uwaziri mkuu Septemba 2007, na katika hotuba yake ya kujiuzulu hakuutaja ugonjwa wake. Watu walimdhihaki kwamba amekimbia kazi. Baadaye alipata dawa iliyokuwa mpya katika nchi yake, akarudi madarakani Desemba 2012, akatawala kwa muda mrefu kuliko waziri mkuu yeyote wa Japani. Agosti 2020 maradhi yalimrudia. Safari hii alisimama mbele ya taifa akayataja kwa jina lake, kisha akaeleza ya kuwa anajiuzulu kwa sababu hiyo. Unaweza kuzipenda siasa zake au kuzichukia. Mimi namshukuru kwa hotuba ile ya pili, na nasikitika kwamba ya kwanza haikufanana nayo.

Kuna sababu nyingine ya kutaka tuhesabiwe, nayo aghalabu husahauliwa. Dawa mpya zinazowatuliza askari wa mwili, infliksimabu hasa, huweza kukiamsha kifua kikuu kilicholala ndani ya mtu. Katika nchi ambako kifua kikuu ni nadra, hilo ni tahadhari ya kupima kabla ya kuanza. Katika nchi yetu, ambako watu wengi wamebeba vijidudu hivyo bila ya kuugua, ni swali kubwa la kila mgonjwa na kila tabibu. Nani atalijibu? Majaribio makubwa ya dawa hizi yamefanywa kwa wagonjwa wengi wa asili ya Ulaya na wachache mno wa asili ya Afrika. Tukiendelea kujificha, dawa bora zitakuja zikiwa zimeshonwa kwa vipimo vya mwili wa mtu mwingine, nasi tutazivaa hivyo hivyo.

Narudi kwako, kijana msomaji, kwa kuwa huna mamlaka juu ya mfuko wala juu ya majaribio, lakini unayo juu ya ulimi wako na juu ya dawati lililo karibu nawe. Kiswahili chetu ni lugha ya adabu. Tuna kwenda haja, tuna kujisaidia, tuna kwenda msalani, tuna kutoka nje kidogo. Ni tafsida nzuri mezani, na mbele ya tabibu ni pazia. Ukiona damu katika choo chako, na siku zikapita isikome, usimwambie muuguzi kwamba tumbo linakusumbua kidogo. Mwambie: natoka damu, mara ngapi kwa siku, tangu lini, na usiku je. Ukipewa dawa usiponywe, rudi ukaseme hujapona, na urudi tena. Waliosema kwamba mficha ugonjwa kifo humwumbua walikuwa wakisema nawe.

Na wewe uliye kiranja, au unayeketi nyuma na kucheka wakati mwenzako anapoinua mkono mara ya tatu, fahamu unachokifanya. Hakuna shule iliyo maskini hata isiweze kutoa ruhusa ya kudumu kwa mwanafunzi mmoja atoke darasani bila ya kuuliza, na bila ya kuulizwa. Kitasa cha mlango wa choo hakihitaji mfadhili. Ndoo ya maji haihitaji mkutano wa bodi. Haya yangenitosha mwaka 1988, kabla ya Oxford na Stockholm zote.

Nilikutana na mwalimu wangu wa hesabu mwaka 2011, katika mazishi ya mwanafunzi mwenzetu. Alikuwa mzee, amestaafu, na mkono wake ulitetemeka aliponishika. Mtu alikuwa amemweleza habari zangu. Akaniambia, "Mwanangu, lakini kwa nini hukuniambia?" Nikamjibu, "Mwalimu, uliniuliza mbele ya watu arobaini." Alinyamaza kitambo. Kisha akauliza dawa yangu inaitwaje, akatoa kalamu mfukoni, akaniomba nimtajie jina hilo polepole apate kuliandika, kwa kuwa mjukuu wake wa kike alikuwa kidato cha pili na alikuwa amekonda.